Mbunge wetu ni wa muhula wa kwanza: tutajuaje ametoka wapi, amefanya nini, na nani alimfadhili?

Swali:

"Hujambo mtaalamu. Mbunge wetu alichaguliwa Agosti 2022 na huu ndio muhula wake wa kwanza. Kwenye WhatsApp ya kijiji kuna kadi inazunguka: 'Bungeni amezungumza mara tatu, miswada sufuri, kampeni alifadhiliwa milioni hamsini na tajiri mmoja wa Nairobi.' Msaidizi wake naye amejibu kwamba mheshimiwa 'amepitisha miswada mitatu'. Kikundi chetu cha vijana kimeniomba niandike kurasa mbili kumhusu kabla ya uchaguzi wa 2027: historia yake, kazi yake ya kutunga sheria, na pesa za kampeni zilitoka wapi. Sitaki kumchafua, wala sitaki kumpigia debe. Nianzie wapi, na nikikosa habari nifanye nini? Kuna wanaouliza pia kama tunaweza kumwondoa kabla muhula haujaisha."

Jibu:

Ndugu yangu, kadi hiyo na jibu la msaidizi vinaweza vyote kuwa na chembe ya ukweli na bado vyote vikakupotosha. "Mara tatu" inategemea kilichohesabiwa. "Miswada mitatu" inategemea imefika wapi. "Milioni hamsini" ni ya namna nyingine kabisa, kwa sababu nchini Kenya hakuna daftari lililo wazi kwa umma ambamo utasoma fulani alimpa mbunge fulani kiasi gani. Kwa hiyo usishangae kurasa zako mbili zikijaa upande wa historia na kazi ya Bunge, na upande wa pesa ukawa na aya mbili tu. Ndivyo hali ilivyo. Makosa ya wengi wanaoandika habari za namna hii ni kujaza lile pengo la pesa kwa uvumi ili ukurasa upendeze.

Historia yake ndiyo nyepesi kuliko yote, kwa hiyo tuanze nayo. Tovuti ya Bunge ina wasifu wa kila mbunge, lakini ujue kwamba maelezo hayo kwa kawaida hutoka kwa mbunge mwenyewe au ofisi yake. Yatumie kama madai yake, kisha uyapime. Na "muhula wa kwanza bungeni" si sawa na "mgeni katika siasa". Huenda alikuwa MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) tangu 2013, au waziri wa kaunti, au mwanachama wa bodi ya shirika la serikali. Uteuzi wa bodi za serikali hutangazwa katika Gazeti Rasmi, na matoleo yake ya zamani yamehifadhiwa kwenye mtandao. Tafuta jina lake lote, si la ukoo peke yake.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: shahada. Watu husema "hana digrii, aliingiaje?" Kifungu cha Sheria ya Uchaguzi kilichodai shahada kilibatilishwa na Mahakama Kuu Oktoba 2021, na katika uchaguzi wa 2022 mwaniaji wa ubunge hakuzuiwa kwa kukosa digrii. Kwa hiyo kukosa shahada si kosa, na usiliandike kana kwamba ni kosa. Kudai shahada usiyo nayo ndiyo habari. Kama anasema alihitimu chuo fulani, mwandikie msajili wa chuo hicho ukitaja mwaka na kozi. Kama ni chuo cha ng'ambo, utambuzi wa shahada za nje hushughulikiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ukipata shaka yenye uzito, mahali pake ni EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, si kwenye kikundi cha WhatsApp.

Pitia pia hukumu za mahakama kwenye tovuti ya Kenya Law. Angalizo kubwa: majina hufanana. Mtu mwenye majina mawili yanayolingana na ya mheshimiwa huenda ni mkulima wa kaunti nyingine aliyegombania mpaka wa shamba. Usiandike kesi yoyote mpaka uwe na jambo la pili linalowafungamanisha: eneo, kampuni, cheo, jina la tatu. Kuna aina moja ya kesi ninayokushauri uitafute kwa bidii, nayo ni kesi ya kupinga ushindi wake. Katiba inaruhusu ifunguliwe ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, na Mahakama Kuu iiamue ndani ya miezi 6. Kama aliyeshindwa alikwenda kortini baada ya Agosti 2022, hukumu hiyo ina ushahidi wa kiapo wa pande mbili juu ya kampeni: mikutano, mawakala, tuhuma za hongo, na jaji aliamini nini na alikataa nini. Soma hadi mwisho. Watu hunukuu tuhuma za ukurasa wa nne na kuacha uamuzi wa ukurasa wa arobaini.

Sasa miswada. Mbunge wa kawaida, asiye kiongozi wa upande wowote, haamki asubuhi akapeleka mswada ukajadiliwa mchana. Anaanza na pendekezo la sheria, anampelekea Spika. Wanasheria wa Bunge wanalitazama, kisha linachunguzwa na kamati kabla ya kuchapishwa, hasa kuona kama linagusa pesa za umma. Hapo ndipo mengi hukwama. Kifungu cha 114 cha Katiba kinasema mswada wa fedha unaweza kuendelea tu kwa mapendekezo ya kamati husika, baada ya kamati hiyo kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Mbunge mgeni akitaka, kwa mfano, kuanzisha mfuko mpya wa wazee, ameshagonga ukuta huo kabla jina la mswada wake halijaonekana popote.

Ukivuka, unachapishwa na kupewa nambari ya mwaka ule. Kisha unasomwa mara ya kwanza, ambapo halisemwi lolote la maana. Unatajwa tu na kupelekwa kamatini. Kamati inakusanya maoni ya umma na kuandika ripoti. Kusomwa mara ya pili ndipo mjadala ulipo. Baadaye Bunge lote hukaa kama kamati na kupitia kifungu kwa kifungu, kisha unasomwa mara ya tatu. Kama unahusu kaunti, unakwenda Seneti, na mabunge mawili yasipokubaliana kunakuwa na kamati ya upatanisho. Mwisho ni meza ya Rais, ambaye ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha na sababu zake. Mswada ambao haujakamilika muhula wa Bunge unapoisha hufa, na anayeutaka lazima aanze upya.

Kwa hiyo msaidizi akisema "amepitisha mitatu", swali lako ni moja tu: kila mmoja uko hatua gani, na tarehe ya hatua hiyo ni ipi? Bunge huchapisha jedwali la kufuatilia miswada linaloonyesha jina la mswada, nani anaudhamini na umefika wapi. Mara nyingi utakuta "mitatu" ni mapendekezo mawili ambayo hayajachapishwa na mswada mmoja uliosomwa mara ya kwanza. Hiyo ni kazi, lakini si kupitisha. Neno "amepitisha" liwekee mswada uliosomwa mara ya tatu, na neno "sheria" liwekee uliotiwa saini.

Fungua na mswada wenyewe, uende kurasa za mwisho, baada ya vifungu. Kuna maelezo mafupi ya madhumuni na sababu. Humo utasoma mambo ambayo kadi za mitandaoni hazisemi kamwe: kama mswada unampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, kama unahusu serikali za kaunti, na kama utaleta matumizi ya pesa za umma. Chini yake kuna tarehe na jina la anayeudhamini. Hapo ndipo penye ushahidi wa nani mwenye mswada. Ukikuta jina la Kiongozi wa Wengi au mwenyekiti wa kamati, si mswada wa mbunge wako, hata kama aliuzungumzia redioni kwa saa nzima. Pima pia uzito wake. Mswada wa kubadilisha neno moja katika sheria iliyopo na ule wa vifungu 60 wenye tume mpya ndani yake vyote huhesabiwa "mmoja". Binafsi ningempa sifa zaidi mbunge aliyesukuma badiliko la mistari mitano lenye kumfaa mkulima likapita, kuliko aliyechapisha miswada minane ya kujionyesha na hakuna hata mmoja alioutetea kamatini.

Na ukikuta kweli ni sufuri? Usikimbilie neno "mvivu". Katika muhula wa kwanza, kazi nyingi huwa mahali pengine: marekebisho aliyoyaleta kwenye mswada wa mtu mwingine, maswali kwa mawaziri, ombi aliloliwasilisha kwa niaba ya wananchi, na kamati. Marekebisho huorodheshwa kwa jina la aliyeyaleta katika ratiba ya shughuli za siku husika. Kamati ndiyo hazina isiyochimbwa. Ripoti ya kamati huwa na viambatisho nyuma: kumbukumbu za mikao, zenye orodha ya waliohudhuria na walioomba radhi, na ukurasa wa kuidhinisha ripoti wenye sahihi za wanachama. Chukua ripoti tano za kamati yake kwa mwaka mmoja, hesabu mikao, hesabu alikohudhuria. Ni kazi ya jioni mbili, na utakuwa na takwimu ambayo hakuna mtu kijijini anayo.

"Amezungumza mara tatu" imetoka wapi basi? Yawezekana imetokana na hesabu za Hansard, kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa kwenye ukumbi wa Bunge. Shirika la Mzalendo Trust hutoa tathmini za wabunge zinazoegemea kumbukumbu hizo, na kila mara vyombo vya habari huzigeuza kuwa orodha ya "mabubu". Hesabu hiyo ina manufaa, ila uijue mipaka yake. Haioni yaliyosemwa kamatini. Na haitofautishi hotuba ya dakika kumi yenye hoja na sentensi moja ya "Asante Bw. Spika, naunga mkono". Ihesabu mwenyewe. Katika Hansard jina la msemaji hufuatwa na mabano yenye eneo bunge na chama, kwa hiyo tafuta kwa jina la eneo bunge lenu; litakuepusha na wabunge wenye majina yanayofanana na pia na tahajia zinazobadilika. Kumbuka Bunge la Taifa kwa kawaida hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri, na Jumatano ina Hansard mbili tofauti. Wengi hupakua moja tu na kudhani wamemaliza.

Ratiba hiyo inakufungulia jambo jingine. Kifungu cha 103 cha Katiba kinasema mbunge anaweza kupoteza kiti akikosa vikao 8 katika kipindi kimoja cha Bunge bila idhini ya Spika kwa maandishi na bila maelezo ya kuridhisha. Vikao vinne kwa wiki maana yake vikao 8 ni wiki mbili tu. Lakini jicho lisikae kwenye "nane" likasahau "bila idhini": asiyeonekana mwezi mzima huenda ana barua ya Spika mfukoni, au ni mgonjwa, au yuko safari ya kamati.

Kura ndizo huleta kelele zaidi, nazo zina siri ndogo. Maamuzi mengi bungeni hufanywa kwa sauti: wanaokubali waseme ndio, wanaopinga waseme la, na Spika huamua kwa sikio. Hansard itaandika kwamba hoja ilikubaliwa, basi. Hakuna jina. Anayekwambia mbunge wako "alipiga kura" siku kama hiyo anakisia. Majina huandikwa pale tu kura inapohesabiwa mtu kwa mtu. Mfano mzuri ni Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 20 Juni, katika kusomwa mara ya pili, waliounga mkono walikuwa 204 na waliopinga 115. Tarehe 25 Juni, katika kusomwa mara ya tatu, wakawa 195 kwa 106. Siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini. Ukiandika "aliunga mkono Mswada wa Fedha" bila tarehe, hujasema kitu kamili, kwa sababu kulikuwa na orodha mbili. Angalia zote. Asiyekuwa kwenye orodha yoyote mwandike "jina lake halimo katika kura iliyohesabiwa", usimwandike kwamba alipinga.

Neno fupi kuhusu maendeleo, kwa kuwa wanakikundi watakuuliza hata kama hukutaka. Zahanati na chekechea ni za kaunti. Madarasa ya shule za msingi na sekondari, vituo vya polisi na ofisi za machifu ndizo kazi za CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneo bunge. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti ya CDF ya kila eneo bunge kwa kila mwaka wa fedha. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na mbunge wenu aliingia Agosti 2022. Ripoti ya 2021/2022 basi ni ya zama za mtangulizi wake, hata kama ilitolewa yeye akiwa tayari ameketi. Nimeona tuhuma nzima zikijengwa juu ya kosa hilo la tarehe. Na ripoti hiyo inakagua kamati ya mfuko, haimkagui mbunge mwenyewe mfukoni.

Tufike kwenye pesa.

Sheria ipo. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilitungwa mwaka 2013. Inataka mwaniaji awe na akaunti maalumu ya kampeni, inapiga marufuku michango isiyo na jina, inazuia pesa za serikali kutumika, na inasema mchango wa mtu mmoja usizidi asilimia 20 ya michango yote. Tume ya uchaguzi, IEBC, ndiyo iliyopewa kazi ya kuweka ukomo wa matumizi na kupokea hesabu. Utekelezaji wake ukaahirishwa kwa uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 IEBC ikatangaza viwango, cha juu kabisa kikiwa shilingi bilioni 4.4 kwa mwaniaji wa urais. Kisha Bunge la Taifa likazikataa kanuni zilizohitajika. Yaani waliotakiwa kuwekewa ukomo ndio waliokuwa na rungu la kuukataa. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo wowote wa matumizi. Mbunge wenu alichaguliwa katika mazingira hayo, na hakuwa peke yake.

Hii ina maana mbili kwako. Kwanza, kutokuwepo kwa hesabu za kampeni yake si dalili kwamba ameficha kitu. Mwulize mbunge wa jirani, naye hazina. Pili, mtu yeyote anayetaja kiasi kamili, awe adui au rafiki yake, lazima aonyeshe alikitoa wapi.

Je, milioni 50 inawezekana? Utafiti wa Westminster Foundation for Democracy na Netherlands Institute for Multiparty Democracy, uliotolewa 2021 na kutazama uchaguzi wa 2017, ulikuta wastani wa matumizi ya mwaniaji wa ubunge ni takriban shilingi milioni 18.2. Hamsini ni karibu mara tatu ya hapo. Haiko nje ya dunia hii, lakini wastani hauthibitishi lolote juu ya mtu mmoja. Kinachosaidia zaidi ni kujua pesa huenda wapi. Ada ya IEBC yenyewe ni kidogo: shilingi 20,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Uzito uko kwenye mchujo wa chama, magari na mafuta, vipaza sauti, fulana, mabango, mawakala, na zile noti zinazogawiwa mkutano ukiisha. Chukua eneo bunge lenye vituo 150 vya kupigia kura: wakala mmoja kila kituo kwa shilingi 2,000 ni 300,000 kwa siku moja, kabla hujamnunulia chai. Hesabu ya namna hiyo unaweza kuifanya kwa makadirio na kuiandika hivyohivyo, makadirio. Zile noti ni jambo jingine. Kuhonga mpiga kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, faini hadi shilingi milioni 2 au kifungo hadi miaka 6, au vyote viwili. Usimwandike mtu kuwa alihonga kwa kuwa "kila mtu aliona".

Nyayo chache unaweza kuzifuata kihalali. Hesabu za chama chake ni mojawapo, kwani vyama hutakiwa kutangaza vyanzo vya pesa zao kila mwaka, ingawa zitakuonyesha chama, si yeye. Hukumu ya kesi ya uchaguzi nimeshaitaja. Ya tatu ndiyo yenye nyama: zabuni. Tafuta orodha ya wanakandarasi waliopewa kazi za CDF tangu 2022, kisha kwa kila kampuni omba fomu ya CR12 kupitia eCitizen kwa ada. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Linganisha majina hayo na ya watu waliojulikana hadharani kuwa kwenye timu yake ya kampeni. Ukikuta yanalingana umepata swali zuri la kumwuliza, bado hujapata ufisadi. Katika mji mdogo, fundi mwenye kampuni iliyosajiliwa na mpiga debe wa kampeni wanaweza kuwa mtu yuleyule kwa sababu watu wenyewe ni wachache.

Wengi huchanganya pesa za kampeni na tamko la mali. Hilo la mali sasa linasimamiwa chini ya Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa saini Julai 2025, na EACC ina mkono mkubwa ndani yake. Linahusu anachomiliki na anachodaiwa akiwa afisa wa umma. Halitakuambia nani alilipia mabango ya 2022.

Aya yako ya pesa inaweza kusomeka hivi: "Hakuna taarifa rasmi iliyo wazi kwa umma inayoonyesha waliochangia kampeni ya mbunge ya 2022. Tulimwandikia tarehe fulani tukimuuliza mambo matatu: makadirio ya matumizi yake, wachangiaji wake wakubwa watano, na kama kuna mkopo ambao bado analipa. Kufikia tarehe fulani hakuwa amejibu." Au uweke alichojibu, kwa maneno yake. Swali la mkopo usiliache. Zawadi inaisha siku ya kupewa. Deni humfuata mtu mpaka bungeni.

Unapokosa habari kutoka ofisi ya umma, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ni haki ya kila raia, ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hulipii ada ya kuomba, na si lazima useme unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kujibu na inaweza kujiongezea mara moja siku zisizozidi 14. Inagusa IEBC, Bunge, ofisi ya CDF. Haigusi kamati binafsi ya kampeni. Barua nyingi hufeli kwa sababu zimeandikwa kwa jazba. "Tupeni habari zote za miradi" itakaa kwenye trei. Andika badala yake: "Naomba orodha ya miradi iliyoidhinishwa mwaka wa fedha 2023/2024, jina la mwanakandarasi wa kila mradi, kiasi cha kandarasi, na kiasi kilicholipwa kufikia 30 Juni 2024." Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huna siku ya kuanzia kuhesabu 21. Wakikunyima au wakinyamaza, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ya Ombudsman yenye kaulimbiu "Hata mnyonge ana haki".

Kuhusu kumwondoa: Kifungu cha 104 cha Katiba kinawapa wapiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele muhimu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoeleza namna ya kuitumia, kwa kuwa viliifanya haki hiyo isitekelezeke. Msianze kukusanya sahihi wala pesa za sahihi kabla wakili hajawasomea sheria ilivyo siku hiyo. Tarehe ya uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027, nayo iko karibu kuliko kesi. Kama shida yenu ni jambo moja mahususi, ombi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119 linapatikana kwa mwananchi yeyote, na linaweza kupelekwa kupitia kwa mbunge huyohuyo au kwa Karani wa Bunge moja kwa moja.

Kuna hatua tatu za kuonana na mtu ana kwa ana badala ya kuendelea na simu. Mkipata karatasi inayoonekana ya kughushi, au majina ya zabuni yanayolingana kupita kiasi, nendeni ofisi ya EACC ya eneo lenu na nakala, ya asili ibaki kwenu. Mkitaka kutaja jina la huyo "tajiri wa Nairobi", onaneni na wakili kwanza; ni mtu binafsi, anaweza kufungua kesi ya kashfa, na kusema "tulisambaza tu kadi" hakutawaokoa. Na kabla ya kuchapisha chochote, mmoja wenu afike ofisi ya mbunge katika eneo bunge na rasimu yote, awape siku saba za kujibu. Mara nyingi msaidizi atatoa pale pale nambari za miswada mliyoikosa, au ataonyesha tarehe mliyoikosea. Juu ya ukurasa wa kwanza andikeni "Taarifa hizi ni za kufikia" na tarehe. Jibu likija baada ya kuchapisha, toeni toleo la pili lenye tarehe mpya, na la kwanza mliache lilivyo.